Mhopi Ndani ya Mfuko wa Kitambaa: Mizizi, Maji na Urefu wa Siku

Mhopi, mmea unaozaa hopi zinazoipa bia uchungu wake, hauna shina la kudumu juu ya ardhi. Ukiutafuta wakati wa baridi huoni kitu isipokuwa udongo. Halafu mwezi wa Machi au Aprili machipukizi ya rangi ya zambarau hutoboa, na kufikia Julai yamekwea mita 5 hadi 7. Katika wiki bora za Mei na Juni chipukizi moja laweza kurefuka karibu sentimita 30 kwa siku. Ndiyo maana mashamba ya Bonde la Yakima, jimbo la Washington, yanayotoa sehemu kubwa ya hopi za Marekani, yamesimikwa nguzo na nyaya zenye kimo cha mita 5 na nusu.

Sasa mchukue mtu anayeishi Portland, Oregon, kwenye nyumba ya kupanga. Nyuma ya nyumba ana sakafu ya saruji na ukuta unaopata jua la mchana. Ananunua mfuko wa kitambaa wa lita 75, anaujaza, anapanda, anafunga kamba hadi ukingo wa paa. Mmea wa ukubwa ule utaishije humo? Utaishi, na ukitunzwa utazaa. Lakini ni lazima ajue mfuko umembadilishia nini na umeacha nini vilevile. Mfuko hubadilisha tabia ya mizizi, mwendo wa maji na kiasi cha joto linalofika chini. Haubadilishi kimo cha mmea wala urefu wa siku. Nimeona watu wengi wakiulaumu mfuko, au wakiilaumu aina waliyopanda, wakati kosa liko kwenye maji au kwenye mwanga.

Kwanza mmea wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Humulus lupulus, na ni wa familia moja na bangi, ingawa haulevyi kama bangi. Kuna mihopi ya kiume na ya kike, kila mmoja kwa shina lake. Inayolimwa ni ya kike, kwa ajili ya koni zake: vichala laini vya kijani, na ndani ya kila gamba, karibu na shina la koni, kuna chembechembe za unga wa njano unaonata, uitwao lupulini. Humo mna asidi za alfa na mafuta yenye harufu. Asidi hizo peke yake hazina uchungu mwingi majini. Zikichemshwa umbo lake hubadilika, na hapo ndipo uchungu wa bia unapopatikana. Pia huzuia bakteria wa kuchachusha, jambo lililoipa bia ya Ulaya uwezo wa kukaa na kusafirishwa. Amri ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopi na maji kuwa ndivyo viungo vya bia. Wachagga, ambao hawakuwa na mmea huu, walikwisha kupata uchungu wa kusawazisha utamu wa ndizi kwenye mbege kutoka magome ya msesewe.

Si lazima uwe mpenzi wa bia ili uuthamini mmea huu. Ujerumani koni zilizokaushwa huuzwa kama mitishamba ya chai ya kuleta usingizi. Karibu na mji wa Poperinge, Ubelgiji, machipukizi machanga huchumwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua na kuliwa kama mboga, na ni mboga ya bei kubwa. Wengine huupanda kwa ajili ya kivuli tu, maana majani yake mapana hufunika kibaraza chote kufikia Juni na hupukutika yenyewe jua linapoanza kuhitajika tena.

Jambo moja la kununua ni hili: usinunue mbegu, hata zikiuzwa kwa bei nzuri kiasi gani mtandaoni. Mbegu zitakupa mimea ya kiume na ya kike isiyofanana na mama yao, na hutajua jinsia mpaka itoe maua. Nunua kipande cha rizomu, yaani lile shina linalotambaa chini ya udongo kama la tangawizi, au mche uliooteshwa kutokana na kipandikizi. Vyote viwili hutoka kwenye mmea wa kike unaojulikana kwa jina. Mche kutoka kwa muuzaji anayepima magonjwa ni bora zaidi, kwa sababu virusi na viroidi (vimelea vidogo hata kuliko virusi) vya mhopi husafiri ndani ya rizomu bila kuonekana. Kwa Portland, Cascade ni chaguo la busara: ilizalishwa huko huko Oregon, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1972, na huvumilia makosa mengi ya mlimaji mgeni.

Sasa mizizi. Kwenye chungu cha plastiki mzizi hukua hadi ukutani, ukikosa njia hujikunja na kuzunguka, na baada ya msimu mmoja au miwili unakuwa na kitanzi kinachojibana chenyewe. Kwenye mfuko wa kitambaa, ambacho kwa kawaida ni polipropilini isiyofumwa, ncha ya mzizi huingia kwenye nyuzi, hukutana na hewa kavu, na hukauka. Ncha ikifa, mzizi hutoa matawi nyuma yake. Matawi nayo yakifika ukingoni hupogolewa na hewa vivyo hivyo. Matokeo yake ni mtandao mnene wa mizizi myembamba iliyoenea katika udongo wote badala ya kujazana ukutani. Mizizi myembamba ndiyo inayonyonya maji na chakula, kwa hiyo udongo uleule kidogo unatumika vizuri zaidi. Faida hii ni ya kweli.

Lakini mara nyingi huelezwa kana kwamba mfuko humaliza kabisa tatizo la kujazana, na kwa mhopi sivyo. Kinachopogolewa na hewa ni mizizi. Rizomu zake ni mashina manene, nazo huendelea kutambaa ndani ya mfuko, huzunguka, na kufikia mwaka wa tatu huwa zimechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya udongo. Ardhini rizomu hizo zingetoroka hadi kwenye bustani ya jirani, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutumia mfuko. Ila mfuko ukiuweka moja kwa moja juu ya udongo mizizi hupenya chini na kuendelea na safari. Uweke juu ya matofali au kichanja cha mbao, hewa ipite chini yake.

Kuhusu ukubwa sioni sababu ya kubana. Chini ya lita 57 unaweza kuuotesha, lakini utaishi kwa kuukimbilia na maji. Lita 75 ni kiwango cha kuanzia, lita 95 ni bora. Kumbuka kwamba mfuko wa lita 75 uliolowa unaweza kukaribia uzito wa mtu mzima, kwa hiyo mwenye kibaraza cha ghorofani aulize kwanza uwezo wa sakafu. Usiujaze udongo wa bustani. Hushikana, hewa hukosekana, mizizi huoza. Mchanganyiko wa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au gome la msonobari lililosagwa, mboji iliyoiva, na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba, ya kufungua nafasi, hufanya kazi vizuri. Uchachu wa udongo, kwa kipimo cha pH, uwe kati ya 6 na 7.

Mahali ambapo mihopi mingi ya mifukoni hufia, au hudumaa, ni kwenye maji. Shambani mizizi ya mhopi hushuka zaidi ya mita moja na nusu. Siku ya joto mmea hunywa kutoka hazina kubwa ambayo mkulima haioni. Ndani ya mfuko hazina hiyo haipo. Mchanganyiko mzuri hushika maji yapata nusu ya ujazo wake, na sehemu tu ya maji hayo ndiyo mizizi inaweza kuyavuta. Mengine yameng'ang'ania chembe za udongo. Juu yake kuna majani ya mmea wa mita 5 yanayopumua maji kutwa nzima. Na kile kitambaa kinachoipogoa mizizi kwa hewa ni kilekile kinachotoa maji kwa pembeni: hewa haiingii bila unyevu kutoka. Huwezi kupata faida ya kwanza ukaikataa hasara ya pili. Mwenye mfuko amejitwika kazi ambayo ardhi ilikuwa ikiifanya bila malipo.

Portland hali hiyo huumiza zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mji huo unajulikana kwa mvua. Mvua yake ni ya majira ya baridi. Julai, wakati mhopi unapotoa matawi ya pembeni na kujiandaa kwa maua, ndio mwezi mkavu kuliko yote. Mmea mkubwa utahitaji maji kila siku, na siku za joto kali asubuhi na jioni. Ukikosa siku mbili wakati wa kutoa maua hautakufa, lakini utaacha sehemu ya maua yake, na mwezi Agosti utaona koni chache bila kukumbuka sababu.

Kumwagilia nako kuna namna. Mchanganyiko wenye kokopiti au mboji ukikauka sana hukataa maji: unamimina ndoo nzima, maji yanateremka kwenye ufa kati ya udongo na kitambaa, yanatokea pembeni, nawe unadhani mfuko umeshiba. Chimba kidole katikati utakuta vumbi. Dawa ni kumwaga kidogo, kungoja, kumwaga tena, hadi katikati kulowe. Bora kuliko hapo ni umwagiliaji wa matone: mrija mwembamba unaozungushwa juu ya udongo, wenye matundu kadhaa, ukifunguliwa na kufungwa na kifaa cha saa kinachowekwa kwenye bomba. Kwa maoni yangu mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu zaidi ya mfuko na mche anunue hicho, kabla ya mbolea yoyote ya chupa. Tandaza juu sentimita 5 za majani makavu au vipande vya gome, ukiacha wazi pale machipukizi yanapotokea.

Maji mengi huosha chakula, hasa naitrojeni, na mhopi ni mlafi wa naitrojeni tangu machipukizi yanapotoka hadi matawi ya pembeni yanapoanza. Katika kipindi hicho lishe kidogo kila wiki ina faida kuliko lishe nyingi mara moja. Maua yakianza, punguza. Naitrojeni ya kuchelewa huleta majani laini ambayo utitiri na vidukari huyapenda. Baada ya muda utaona ukoko mweupe upande wa nje wa kitambaa. Hiyo ni chumvi ya maji na mbolea iliyobaki maji yalipokauka pembeni. Si ugonjwa, lakini ni ishara kwamba mara mojamoja umwage maji mengi hadi yatiririke chini kwa wingi, yaioshe chumvi iliyo ndani.

Joto linafuatana na maji. Tarehe 28 Juni 2021 Portland ilifika zaidi ya nyuzi 46 za Selsiasi, kiwango ambacho mji huo haukuwahi kurekodi. Mfuko mweusi juu ya saruji siku kama hiyo huwa jiko. Kitambaa chenye unyevu hujipoza chenyewe kwa uvukizi, na hapo hushinda plastiki, lakini kikikauka faida hiyo inakwisha na mizizi ya pembeni huungua. Chagua mfuko wa rangi ya kahawia hafifu au kijivu, na upande unaopigwa na jua la alasiri uukinge kwa ubao au kwa vyungu vingine. Majani yapate jua; mfuko ukae kivulini.

Wasomaji wa Nairobi, Arusha au Bukavu watauliza kama haya yanawezekana kwao. Hapa ndipo penye fumbo gumu kuliko yote, na jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba kwetu hakuna baridi ya kutosha, si jibu sahihi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mhopi unaweza kutoa maua bila kupitia kipindi cha baridi wala usingizi. Kinachoamua ni urefu wa siku. Mhopi unahitaji kwanza siku ndefu ili urefuke na kujijengea vifundo vingi kwenye shina, kisha siku zikipungua chini ya kiwango fulani, hugeuka kutoka kukua hadi kutoa maua. Portland, mwezi wa Juni, mwanga hudumu kwa saa 15 na dakika 40 hivi. Hallertau ya Bavaria, eneo kubwa la hopi la Ujerumani, hufikia saa 16. Nairobi ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, na Dar es Salaam siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, ni kama saa 12 na nusu. Mhopi ukiwa huko hupata ishara ya kutoa maua tangu utotoni. Huchanua ukiwa bado mfupi, hutoa koni chache, na hauendelei kukwea. Nyanda za juu za Mbeya au Limuru zina ubaridi mzuri kwake, lakini ubaridi haurefushi siku.

Njia ya kulitatua hilo inajulikana. Wakulima wa George, Afrika Kusini, kwenye latitudo ya 34 kusini, waliwahi kutegemea taa mashambani kurefusha siku, hadi watafiti wa huko walipozalisha aina zinazovumilia siku fupi, kama Southern Promise na Southern Passion. Chuo Kikuu cha Florida nacho kimewasha taa za LED juu ya mihopi usiku, kuichelewesha isitoe maua kabla ya kufika kimo, kisha kuzizima. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuusimamisha mmea, wamevuna mara mbili kwa mwaka. Kwa mtu wa nyumbani mwenye mfuko mmoja au miwili, taa hafifu chache juu ya kamba, zikiwashwa jioni hadi siku ionekane ndefu, ni jaribio linalowezekana kabisa. Lakini rizomu usizifiche kwenye sanduku la safari. Kenya kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, na Tanzania na TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, na magonjwa niliyoyataja hapo juu ndiyo sababu vibali hivyo vipo.

Kwenye kukwesha, wageni huona huruma mahali pasipofaa. Machipukizi ya kwanza kabisa mara nyingi ni manene na yenye uwazi ndani, huvunjika kirahisi, yakate. Katika yanayofuata chagua mawili au matatu kwa kila kamba, yakifika nusu mita, na mengine yote yakate chini. Mfuko mmoja unatosha kamba mbili zilizotanuka kama herufi V. Yazungushe machipukizi kufuata mwendo wa mshale wa saa, ukitazama kutoka juu, kwani ndivyo mhopi unavyojizungusha wenyewe. Ukiyazungusha kinyume yatajifungua usiku. Mhopi hauna vikono kama mzabibu. Hukwea kwa kujisokota na kushika kwa vinyweleo vigumu, kwa hiyo unataka kamba ya kukwaruza, si ya nailoni inayoteleza. Wakulima wakubwa wa Marekani hutumia kamba za usumba wa nazi kutoka Sri Lanka, aina ileile ya kamba ambayo pwani ya Afrika Mashariki husokotwa kwa makumbi. Vinyweleo hivyo huchubua ngozi, basi vaa mikono mirefu. Asiye na kimo cha mita 5 atafute aina fupi kama First Gold ya Uingereza, iliyozalishwa kwa ajili ya nyua za mita 2 na nusu hivi.

Mmea ukipita kimo chako, chuma majani ya chini hadi karibu mita moja kutoka udongoni. Hewa ikipita chini, magonjwa ya ukungu ya ubwirivinyoya na ubwiriunga hupungua, na utitiri hukosa ngazi ya kupandia. Angalia upande wa chini wa majani kila wiki wakati wa joto. Utitiri ukiuona mapema, maji ya shinikizo kutoka mpirani huuondoa, ukiuona umechelewa ni vigumu kuudhibiti msimu huo.

Mwaka wa kwanza tegemea koni chache, pengine za kujaza bakuli. Mmea unajenga rizomu, na mfuko unaupa nafasi ndogo kuliko ardhi, kwa hiyo hata ukikomaa hautafikia mavuno ya mmea wa shambani. Mwishoni mwa Agosti au Septemba anza kuzibonyeza koni. Mbichi huwa na unyevu laini na hubaki zimebonyea. Iliyoiva huwa nyepesi, hutoa mlio wa karatasi, hurudi umbo lake, na ukiipasua lupulini imekolea njano na harufu inabaki vidoleni. Ikianza kunuka kama kitunguu au jibini umepitiliza. Chuma kwa mkono, uache shina na majani yakauke yenyewe juu ya kamba, ili chakula kirudi kwenye rizomu.

Karibu asilimia 80 ya uzito wa koni mbichi ni maji. Zitandaze kivulini juu ya wavu na feni ipulize chini yake. Jua huharibu harufu. Zimekauka pale kijiti cha katikati ya koni kinapovunjika badala ya kupinda, si pale magamba yanapokuwa makavu, kwa sababu magamba hutangulia. Zifunge bila hewa na uziweke kwenye friza. Kwa kuwa nyumbani huwezi kupima asidi za alfa, ni vigumu kukadiria uchungu. Zitumie mwishoni mwa kuchemsha au baadaye, kwa ajili ya harufu. Na ukiwa na mbwa, koni mbichi au zilizotumika zisifike kinywani mwake kabisa. Hopi hupandisha joto la mwili wa mbwa haraka sana na zinaweza kumuua.

Wakati wa baridi, rizomu zilizo ardhini hulindwa na ardhi yenyewe, lakini mfuko hupigwa na baridi pande zote. Portland inatosha kuusogeza ukutani na kuufunika matandazo. Penye majira makali kama Minnesota uingize gereji au uuzungushie magunia, ukiulowesha kidogo mara chache usikauke kabisa. Baada ya majira mawili au matatu, mwishoni mwa baridi kabla machipukizi hayajatoka, uufungue mfuko na ulitoe donge lote. Kata rizomu zilizozunguka pembeni, punguza theluthi moja ya mizizi, rudisha kitovu kwenye mchanganyiko mpya. Vipande vilivyobaki vyenye macho mawili au matatu hushika vikipandwa, na kila kimoja kiandikiwe jina la aina yake siku hiyohiyo, kwa kuwa machipukizi ya Cascade na ya aina nyingine hayatofautishiki kwa macho mpaka koni zitakapotoka.